Nyuma ya Bangili ya Taxco

Mwenye kuijua kazi hii haitazami bangili kwa mbele. Huigeuza kwanza. Mbele kuna urembo, na urembo hudanganya; nyuma kuna mihuri midogo kama punje za mtama, iliyogongwa kwa nyundo kabla bangili haijaondoka mezani kwa fundi. Herufi W na S zilizoshikana. Nambari 980. Kwenye nyingine kuna taji lenye jina Antonio ndani yake, na 970 pembeni. Kwenye nyingine tena kuna tai mdogo aliyebeba nambari kifuani. Anayejua kuisoma mihuri hiyo anaweza kukuambia bangili ilitoka karakana ya nani, miaka ipi takriban, na mara nyingine hata ni ugomvi gani uliokuwa umetokea karakanani.

Bangili hizo zote ni za mji mmoja, Taxco, ambao wenyeji hutamka Tasko. Uko katika jimbo la Guerrero, kusini-magharibi mwa Jiji la Meksiko, umening'inia ubavuni mwa mlima: nyumba nyeupe, mapaa ya vigae vyekundu, na vichochoro vya mawe vyenye mwinuko ambavyo teksi za Volkswagen, zile zenye umbo la kobe, huvipanda zikikoroma. Jina lake latokana na Kinahuatl, Tlachco, mahali pa kuchezea mpira. Wahispania walifika huko muda mfupi baada ya kuuteka mji mkuu wa Waazteki mwaka 1521, na cha ajabu ni kwamba hawakuanza kwa kutafuta fedha. Hernán Cortés alikuwa akihitaji bati la kusubia mizinga ya shaba nyeusi. Akasikia kwamba wenyeji wa Taxco wana vipande vya bati wanavyovitumia kama sarafu, akatuma watu wake. Fedha ilikuja kuonekana baadaye, na ilipoonekana bati likasahaulika.

Karne mbili zikapita, akaja José de la Borda. Huyu alifika mwaka 1716, kijana bado, akafuata nyayo za kaka yake migodini, akatajirika hadi akajengea mji ule kanisa kwa mfuko wake. Kanisa la Santa Prisca lilijengwa kati ya 1751 na 1758, la mawe ya rangi ya waridi, na uso wake umechongwa kwa nakshi zilizobanana hata jicho halipati pa kupumzika. Ndani, madhabahu zimepakwa dhahabu kutoka sakafuni hadi karibu na dari. Lakini hilo ndilo lililobaki. Sehemu kubwa ya fedha yenyewe ilishushwa mlimani migongoni mwa nyumbu, ikaenda kugongwa sarafu, na sarafu zikavuka bahari.

Baadhi zilifika mbali kuliko Borda alivyoweza kuwazia. Sarafu za fedha za dola ya Kihispania, nyingi zikiwa zimegongwa Meksiko, zilitembea katika biashara ya Bahari ya Hindi pamoja na zile za Maria Theresa wa Austria, na neno la Kihispania *real* limo ndani ya reale waliyohesabia wafanyabiashara wa Unguja na Mombasa kabla ya rupia. Masonara wa pwani walikuwa wakiziyeyusha sarafu hizo kufulia vikuku na mikufu. Na kuna jambo jingine ambalo msomaji wa Kiswahili atalielewa upesi kuliko Mwingereza: sisi tukisema fedha, twamaanisha madini na pia pesa. Huko Amerika ya Kilatini neno *plata* hufanya kazi hizo hizo mbili.

Kwa hiyo mwanzoni mwa karne ya 20 Taxco ulikuwa mji wa fedha usio na wafua fedha wa kutajika. Migodi ilikuwa imedhoofika, Mapinduzi yaliyoanza 1910 yalikuwa yamepita na madhara yake, na ukitaka kufika ilibidi uvumilie njia mbovu. Kisha mwaka 1927 barabara ya magari iendayo Acapulco ikapita hapo. Wachoraji wakaanza kuja, na nyuma yao wakaja watalii.

Mmoja wa waliokuja hakuondoka. William Spratling alizaliwa 1900 katika jimbo la New York, akakulia Alabama, akasomea usanifu majengo, na katika miaka ya 1920 alikuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Tulane, New Orleans. Huko aliishi nyumba moja na kijana mwandishi ambaye bado hakuna aliyemjua, William Faulkner, na mwaka 1926 wakachapisha pamoja kijitabu cha kuwatania wasanii wenzao wa mji. Tangu mwaka huo Spratling alikuwa akitumia likizo zake Meksiko, akichora nyumba na watu. Mwaka 1929 akahamia moja kwa moja. Alikusudia kuishi kwa kalamu. Kitabu chake juu ya Taxco, *Little Mexico*, kilitoka 1932, na dibaji yake iliandikwa na Diego Rivera.

Rivera hakuandika dibaji hiyo bure. Spratling ndiye aliyemuunganisha na balozi wa Marekani, Dwight Morrow, aliyelipa dola 12,000 ili Rivera achore ukutani historia ya Meksiko katika kasri la Cortés mjini Cuernavaca. Spratling alipata ujira wake wa udalali, na kwa fedha hiyo akanunua nyumba Taxco. Balozi huyo huyo yumo katika kisa ambacho Spratling alikuwa akikisimulia hadi uzeeni: kwamba siku moja Morrow alimwambia ni ajabu mji uliotoa fedha kwa mamia ya miaka usiwe na kazi ya fedha ya kuujengea jina. Mwaka 1931 Spratling akafungua karakana katika mtaa wa Las Delicias.

Kisa hicho kimesimuliwa mara nyingi mno hata kimelainika kama sarafu iliyochakaa. Hakina ubaya, ila kinawaacha nje watu wawili. Wa kwanza ni Frederick Davis, Mmarekani aliyeendesha duka Jiji la Meksiko, aliyekuwa akibuni na kuuza vito vya fedha vya sura mpya kabla Spratling hajawa na hata nyundo. (Msaidizi wake dukani, René d'Harnoncourt, baadaye aliongoza jumba la sanaa ya kisasa la New York, MoMA.) Wa pili ni Artemio Navarrete. Navarrete alikuwa sonara wa Iguala, mji jirani unaosifika kwa dhahabu, na Spratling alimleta Taxco aje awafundishe vijana. Spratling alijua kuchora. Navarrete alijua moto una joto kiasi gani fedha inapokaribia kuyeyuka. Bila huyu wa pili, yule wa kwanza angebaki na karatasi zake.

Lakini michoro hiyo ilikuwa na uzito wake. Masonara wa Meksiko walikuwa wamezoea kazi ya nyuzi nyembamba zilizosokotwa, maua na ndege, ladha iliyotoka Hispania. Spratling aliitupilia mbali. Alikuwa mkusanyaji wa vitu vya kale vya Meksiko kabla ya Wahispania, na katika mihuri ya udongo waliyoichonga watu wa kale wa Guerrero aliona mistari michache, minene, isiyo na woga. Nchi nzima wakati huo ilikuwa ikijitazama upya: wachoraji wa ukutani walikuwa wakimrudisha Mhindi wa Meksiko katikati ya picha, na Januari 1932 mwanaakiolojia Alfonso Caso alifukua kaburi nambari 7 huko Monte Albán, Oaxaca, likiwa limejaa vito vya dhahabu vya Wamixteki. Magazeti yalilivumisha kaburi hilo, na kila aliyekuwa na nyundo alitaka kujua wale wazee walifanyaje.

Chukua bruchi ya jagwa, yule chui wa Amerika. Fundi anabandika mchoro juu ya bamba la fedha, anakata ukingo kwa msumeno mwembamba kama uzi wa gitaa, na vumbi linalodondoka hukusanywa maana nalo ni fedha. Bamba linalazwa juu ya lami iliyopashwa moto ikawa laini, linapigwa kwa nyuma hadi mbavu na shavu la mnyama vivimbe kwa mbele. Kisha linalehemewa pini, linasuguliwa kwa tupa, linatiwa dawa ya salfa hadi lote liwe jeusi tititi. Mtu asiyejua angedhani kazi imeharibika. Hapo ndipo msuguaji anapoanza: weusi unatoka palipoinuka na kubaki mashimoni, na mnyama anatokeza kama aliyewashiwa taa. Jicho huenda likawa kipande cha amethisto au cha obsidiani, jiwe jeusi la volkeno.

Ile nambari 980 nayo ina maana yake. Fedha tupu ni laini mno, haivumilii kuvaliwa, hivyo huchanganywa na shaba. Kiwango kilichozoeleka duniani ni sehemu 925 za fedha katika 1000. Spratling, katika kazi zake nyingi za awali, alitaka 980, fedha nyeupe zaidi yenye mng'ao mzito, na kwa kuwa ni laini zaidi ilimbidi aifanye nene. Ndiyo maana bangili yake ya miaka ya 1930 ukiishika unashtuka kwa uzito. Alichanganya pia fedha na vitu ambavyo masonara wa mjini wangevicheka: mbao ngumu nyekundu, shaba, ngozi, gamba la ng'amba.

Karakana ya Las Delicias ilikua kutoka vijana wachache ikafika mamia ya wafanyakazi. Ilifanya samani, bati na nguo za kufuma pia, lakini fedha ndiyo iliyolipa. Mvulana aliingia kufagia na kutumwa dukani, akapanda hadi meza ya kusugua, kisha ya kulehemu, na mwenye mkono mzuri akawa maestro mwenye wanagenzi wake. Mwaka 1937 kukaanzishwa mashindano ya mafundi, ambayo ndiyo chimbuko la Maonyesho ya Taifa ya Fedha yanayofanyika Taxco mpaka leo.

Shule yoyote nzuri mwisho wake hutoa wapinzani wa mwalimu. Mwaka 1939 meneja wa Spratling, Héctor Aguilar, aliondoka na mafundi kadhaa na kufungua Taller Borda, katika ile nyumba ya zamani ya Borda kwenye uwanja wa katikati ya mji. Alitumia fedha ya 940, na muhuri wake ni H na A zilizoungana, jambo linaloonyesha kwamba hata namna ya kusaini alijifunza kwa bosi. Mwaka huo huo ndugu wa Castillo, wakiongozwa na Antonio, nao wakajitegemea. Los Castillo walikuja kusifika kwa kile walichokiita metali zilizooana: fedha, shaba na shaba nyeupe zikikatwa na kuunganishwa ubavu kwa ubavu katika bamba moja, bila ya moja kulala juu ya nyingine, hata ukipitisha ukucha husikii mpaka.

Mke wa Antonio Castillo alikuwa Margot van Voorhies, Mmarekani wa San Francisco, na michoro mingi ya awali ya karakana ile ni yake. Ndoa ilipovunjika, mwaka 1948 akafungua karakana yake. Nadhani ndiye aliyepunjwa zaidi na historia ya Taxco, labda kwa sababu kazi yake ni ya rangi na wakusanyaji wakali hupenda fedha tupu. Margot alirudisha enameli: unga wa kioo chenye rangi unaojazwa katika vishimo vya fedha na kuchomwa tanuruni hadi uyeyuke na kushikamana. Samaki wa kijani wenye magamba, mawimbi yaliyokopwa kwa wachoraji wa Japani, nyoka wa bluu anayezunguka shingo kwa vipande vilivyounganishwa kwa bawaba. Kila muundo ulipewa nambari, na nambari hizo, zilizo kwenye 5,000 na ushee, bado zinasomeka nyuma ya vito vyake karibu na maneno *Margot de Taxco*.

Vita Kuu ya Pili ndiyo iliyoufanya mji huu kuwa kiwanda. Vito na vyombo vya fedha kutoka Ulaya vilikuwa haviji tena, na maduka makubwa ya Marekani kama Neiman Marcus na Saks Fifth Avenue yakageukia kusini. Oda zilizokuwa za makumi zikawa za maelfu. Aguilar alifunga mkataba na Coro, kampuni kubwa ya mapambo ya Marekani. Spratling alihitaji mtaji kukidhi oda, akageuza karakana kuwa kampuni, akauza hisa. Hisa nyingi zikaangukia kwa Russell Maguire, mfanyabiashara wa Marekani aliyetajirika kwa bunduki za Thompson. Mwaka 1945 Spratling akajitoa katika kampuni yenye jina lake mwenyewe, na haikuchukua muda nayo ikafa.

Alikuwa na miaka arobaini na mitano. Akajichimbia shambani kwake Taxco el Viejo, kilomita chache kusini mwa mji, pamoja na mafundi wachache, akawa anarusha ndege yake ndogo mwenyewe. Rafiki yake Ernest Gruening, gavana wa Alaska, alimwomba awatengenezee wenyeji wa huko mpango kama wa Taxco. Spratling akabuni mifano ipatayo 200 ya vito, akitumia vitu kama pembe za sili mkubwa aitwaye walrasi, na vijana kadhaa wa Alaska wakaletwa shambani kujifunza. Washington haikutoa fedha za kuuendeleza. Mpango ukaishia kwenye masanduku, lakini mkono wa Spratling ulibadilika: vito vyake vya miaka ya 1950 ni vyepesi, vimenyooka, na mapambo yamepungua hadi limebaki umbo.

Katika wepesi huo, hata hivyo, alikuwapo aliyemzidi. Antonio Pineda, mzaliwa wa Taxco wa mwaka 1919, alipata masomo ya mwanzo ya uchoraji kwa David Alfaro Siqueiros, mchoraji mkomunisti ambaye serikali ilimtoa jela mwaka 1930 na kumwekea kizuizi cha kukaa Taxco, kana kwamba mji wa mlimani ungemtuliza. Pineda alifungua karakana 1941; lile taji lenye jina Antonio ni muhuri wake. Mwaka 1944 kazi zake zilionyeshwa San Francisco, na duka la Gump's la mji huo likanunua vipande vyake 80.

Uhodari wa Pineda hauonekani pichani. Kidani chake ukikitazama mezani ni safu ya vipande vizito vya fedha, na mawe yamekaa kana kwamba yameota hapo. Kivalishe mtu: kila kiungo kina bawaba yake iliyofichwa, na kile kilichoonekana chuma kinalala shingoni kama kitambaa. Wataalamu wa vito wa Meksiko hubishana juu ya mengi, lakini ukitaka mtu mmoja wa kumweka mbele ya Wadenmaki na Wajerumani waliokuwa wakitamba katika fedha ya kisasa, ni Pineda. Mwaka 2008 jumba la makumbusho la Fowler, Los Angeles, lilimfanyia maonyesho makubwa akiwa hai, naye akafariki Desemba 2009 akiwa na miaka 90.

Serikali nayo ilikuwa imeingia. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940 fedha halali iligongwa muhuri wa tai, ishara ya taifa, na nambari ndani yake. Karibu na 1980 tai akaondolewa, zikaja herufi na nambari. T ya kwanza ni Taxco. Hapo ndipo faida ya kugeuza bangili kabla ya kufungua pochi. Bangili inayodaiwa kuwa ya 1935 huku ina tai, mwenye kuiuza ama hajui au anajua sana. Na sahihi ya Spratling iliyoandamana na herufi na nambari za namna hiyo mgongoni ni kazi ya miaka mingi baada ya kifo chake.

Alikufa tarehe 7 Agosti 1967. Alikuwa akiendesha gari karibu na Taxco, mti ulikuwa umeanguka barabarani, akaugonga. Mji ulimzika kama mtoto wake. Vitu vya kale alivyokuwa amevikusanya vimo katika jumba la makumbusho lenye jina lake, Museo Guillermo Spratling, nyuma ya kanisa la Santa Prisca.

Mgodi wa Taxco ulinyamazishwa na mgomo wa wachimbaji ulioanza Julai 2007 na kuendelea kwa miaka mingi, na mafundi wakazoea kununua fedha iliyochimbwa kwingine. Kila Jumamosi asubuhi wao na familia zao hushuka na vifurushi, wakatandika meza na vitambaa katika soko la fedha la mitaani, na wachuuzi waliotoka Jiji la Meksiko kwa mabasi ya alfajiri huzipita meza hizo moja moja. Wanaokota pete, wanaigeuza, wanatafuta 925, kisha ndipo wanauliza bei.